Nyota tatu: huduma ya kulinganisha mishahara ya watumishi wa kanisa

Mimi ni mtunza hazina wa usharika wa Kilutheri hapa Minnesota. Januari baraza liliniagiza nilete hesabu: karani wetu wa ofisi anastahili nyongeza au la? Nikalipia huduma ya mtandaoni inayolinganisha mishahara ya makanisa ya Marekani. Huku kanisa halilazimiki kujaza fomu 990, ile ambayo mashirika mengi yasiyo ya faida huanika mishahara ya wakubwa wao, kwa hiyo takwimu hizi hutokana na makanisa yaliyokubali kujaza dodoso.

Ukurasa wa kwanza ulituponza. Unakupa wastani kwa tarakimu kubwa, basi. Mzee mmoja wa baraza akaniuliza, "Mama Neema, mbona huyu tunamlipa kupita wastani?" Nilikosa jibu, na iliniuma, maana yule mama ndiye anayefungua ofisi saa mbili asubuhi hata theluji ikifika magotini. Usiku nikaufungua tena. Kumbe wastani ule umechanganya makarani wa saa 10 kwa wiki na wa saa 40! Wetu ni wa saa 40. Nilipochuja kwa saa za kazi, idadi ya wanaohudhuria ibada na jimbo, akaangukia karibu na mkia.

Vichujio hivyo, na mshahara wa kati (ule unaokaa katikati ukiipanga yote kuanzia mdogo hadi mkubwa), ndivyo vilivyonirudishia pesa yangu. Chukua makarani watano: 30,000, 32,000, 34,000, 36,000 na wa kanisa moja kubwa 118,000. Wastani ni dola 50,000, na wanne kati ya watano hawaufikii hata kwa mbali. Wa kati ni 34,000. Baraza lililielewa hilo nilipoliandika ubaoni.

Kwa mchungaji siipendekezi. Mchungaji wa huku anaweza kupewa posho ya nyumba isiyotozwa kodi ya mapato, lakini kwa kodi ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee anahesabiwa kama mtu aliyejiajiri: anabeba asilimia 15.3 peke yake, wakati karani anakatwa 7.65 na kanisa linalipa nusu nyingine. Mwenye 40,000 na nyumba ya kanisa hafanani na mwenye 40,000 anayepanga, ila kwenye jedwali lao wamekaa mstari mmoja. Hapo mimi natumia mwongozo wa mishahara wa sinodi, ambao hutolewa bure na hutenganisha nyumba, miaka ya utumishi na kodi hiyo.

Bei naiona kubwa kwa usharika mdogo. Lipia mwezi mmoja, pakua majedwali, sitisha.

Karani wetu ameongezwa dola 2 kwa saa kuanzia Machi.