Kimashine cha kupuliza kwa wanaotumia klozapini: kizuri, ila hakipimi dawa

Na Wabongo wenzangu huku Uingereza wenye ndugu anayemeza klozapini (dawa ya skizofrenia) naulizwa sana kama hiki kidude cha kupuliza kinaweza kumwondolea mtu zile sindano za kutoa damu. Hakiwezi. Dawa hakiioni kabisa, kinapima kaboni monoksaidi kwenye pumzi, yaani kinakwambia huyu kavuta sigara au hajavuta, basi.

Sa mbona nimekipa nyota nne kati ya tano? Kwa sababu moshi wa sigara unalifanya ini livunje klozapini haraka, kwa hiyo mvutaji anawekewa dozi kubwa, afu siku akiacha ini linatulia na ndani ya wiki hivi dawa inapanda kwenye damu, saa nyingine kwa nusu au zaidi, na vidonge ni vilevile. Mdogo wangu alipoacha alikua anasinzia na kijiko mkononi, mto asubuhi umeloa mate, choo ndo hakitoki kabisa. Na ni moshi jamani, sio nikotini, akihamia vepu au viraka hesabu kaacha.

Kukitumia hakuna kazi, anabana pumzi sekunde 15 anapuliza taratibu mpaka iishe, namba inatokea. Chini ya 10 wengi wanahesabu hajavuta, ila gesi yenyewe inatoka mwilini haraka, aliyevuta jana asubuhi leo anaweza kupita msafi.

Nyota moja nimeibana kwa sababu kinadanganyika. Jiko la mkaa ndani, bangi, hizo sawa. Kilichotutesa ni laktulosi, ile sharubati ya kulainisha choo ambayo wengi wa klozapini wanapewa, ikichacha tumboni inatoa haidrojeni na baadhi ya hivi vimashine vinaisoma kama moshi (na maziwa kwa mtu ambaye hayamkubali ni hivyohivyo). Ikatoka 14, dogo anaapa hajagusa sigara, mama hasikii, ugomvi nyumba nzima kumbe chupa iko kabatini. Afu vile vya kuweka mdomoni vinatupwa kila mara, bei yake hawakwambii unaponunua.

Basel kule Uswisi wameshapima dawa ya valproeti kwenye pumzi za wagonjwa wa kifafa, ila kwa mashine ya maabara, sio hii ya mfukoni. Kwa klozapini bado ni damu, inatolewa masaa 12 baada ya dozi. Namba ya kimashine ikishuka ghafla, yaani kaacha kuvuta, mpigie nesi sikuhiyohiyo, vidonge usipunguze mwenyewe.