Tathmini ya Huduma: Kutoa Mtambo wa Upepo Bandarini Dar es Salaam Hadi Hombolo

Tathmini hii inahusu huduma ya wakala wa forodha na usafirishaji aliyekitolea kikundi chetu cha wakulima wa zabibu wa Hombolo mtambo mdogo wa upepo wa kilowati 3 kutoka Bandari ya Dar es Salaam. Simtaji jina, kwa kuwa nataka wasomaji waipime kazi yenyewe, nayo ni kazi ambayo mawakala wengi wataombwa kuifanya siku za usoni. Mtambo huo tuliuagiza ili usukume maji ya kisima. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kuanika nguo huku.

Shehena yenyewe haikuwa kubwa: mapanga matatu (yaani mabawa yanayozungushwa na upepo) ndani ya sanduku la mbao, kichwa cha mtambo, kifaa cha kudhibiti umeme, na mnara wa mita 18 uliokatwa vipande viwili vya mita 9 kila kimoja. Vipande hivyo viwili ndivyo vilivyozaa sehemu kubwa ya maandishi haya.

Kwa upande wa karatasi sina lawama. Wakala alitutaka tumtumie ankara, orodha ya mizigo na hati ya meli kabla meli haijatia nanga, akaandaa TANSAD, yaani fomu ya tamko la forodha, mapema, akatueleza kila tozo kabla ya kuilipia na kututumia risiti siku hiyo hiyo. Kwa mtu anayekaa kilomita zaidi ya 400 kutoka baharini, ambaye hawezi kwenda kusimama dirishani kila asubuhi, uwazi wa namna hiyo una thamani kuliko punguzo la bei. Tulipompigia simu alipokea, na aliposema atapiga alipiga.

Mambo yaliharibika pale karatasi zilipokwisha na kazi ya kushika chuma ikaanza. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa takriban mita 5.9, kwa hiyo bomba la mita 9 haliwezi kuingia humo kwa namna yoyote, na ndiyo maana muuzaji alitupakilia katika kontena la futi 40. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye orodha ya mizigo ambayo wakala alikuwa nayo kwa majuma matatu. Hata hivyo, siku ya kupakua kontena katika bandari kavu, lori alilolileta lilikuwa Fuso ambalo bodi yake haikufika mita 7. Dereva alipendekeza vyuma vitokeze nyuma na kufungwa kitambaa chekundu. Nilikataa, kwa kuwa sikuona namna ambavyo mzigo huo ungepita mizani ya magari ya Vigwaza bila maswali, wala sikutaka pikipiki ya Kibaigwa ikutane nao usiku. Semi-treila ilipatikana baada ya siku nne, na dimareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, ikaendelea kuhesabiwa.

Kosa la pili lilikuwa dogo kwa macho lakini kubwa kwa mnara. Vibarua walifunga mnyororo kwenye ncha ya bomba na kulivuta kwa foko (gari la kunyanyulia mizigo) kutoka ndani ya kontena, badala ya kulinyanyua kwa mikanda ya kitambaa, na ukingo wa sahani yenye matundu ya boliti ukajikunja. Fundi wetu wa hapa Dodoma aliunyoosha na kuupima upya kwa siku nzima. Sahani hiyo ndiyo inayounganisha nusu ya chini na nusu ya juu ya mnara. Ikiwa imepinda hata kidogo, mnara wote unainama.

Niliwahi kumwuliza wakala kama ana utaratibu wa mizigo mirefu, akanijibu kwamba bandari yetu imepanuliwa na sasa inapokea kila kitu. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Chini ya mradi wa uboreshaji ulioanza mwaka 2017, gati namba 1 hadi 7 ziliimarishwa na kuongezwa kina hadi mita 14.5, gati la kushushia magari likajengwa, na mitambo mizito ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, ilipitia bandari hiyo hiyo. Kina na uzito, basi, vimeshughulikiwa. Lakini mzigo wa upepo mara nyingi unasumbua kwa urefu wake kuliko kwa uzito wake.

Wanaolijua hilo zaidi ni wenye bandari zinazohudumia mitambo ya upepo ya baharini. Esbjerg ya Denmark ilikuwa bandari ya wavuvi, ikahudumia mafuta na gesi, kisha mwaka 2002 ikapitisha mitambo 80 ya Horns Rev, shamba la mitambo ya upepo baharini. Mwaka 2022 viongozi wa Denmark, Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji walikutana hapo hapo na kuahidi gigawati 65 za umeme wa upepo katika Bahari ya Kaskazini ifikapo 2030. Upanuzi wa bandari za aina hii hauishii kwenye kuchimba kina. Unahitaji uwanja mpana na tambarare wa kulaza mapanga na kusimamisha minara, gati lenye sakafu isiyodidimia chini ya kreni, na njia ya kutokea isiyo na daraja wala nyaya juu, maana minara huondoka imesimama. New Bedford ya Marekani ilijengewa gati maalumu la kazi hii, lakini ukuta wake wa kuzuia vimbunga una lango la mita 46 tu, na kila chombo kinachoingia au kutoka lazima kipimwe dhidi ya lango hilo. Mapanga yaliyopita hapo kwenda kwenye mradi wa upepo wa baharini wa Vineyard Wind yana urefu wa mita 107. Ukiyalaza kwenye barabara ya Gairo, kila moja litafunika semi-treila kadhaa zilizopangwa mkia kwa kichwa.

Hakuna anayemtaka wakala wa Dar es Salaam awe Esbjerg. Ninachodai ni ile tabia yao ya kuanza na kipimo cha mzigo mrefu kuliko yote, kisha kurudi nyuma hadi kwenye lori, kona, mizani na mikanda ya kunyanyulia. Majirani zetu wa Kenya walifanya hivyo kwa mradi wa upepo wa Ziwa Turkana: mitambo 365 iliyoshushwa Mombasa ilichaguliwa ikiwa midogo, ya kilowati 850 na mapanga ya takriban mita 25, kwa kuzingatia barabara itakayoibeba, na bado kilomita 208 za barabara zililazimika kutengenezwa kwanza. Singida, ambako mradi mkubwa wa upepo umezungumzwa kwa miaka mingi, iko mbali na bahari kuliko sisi, na mzigo wake hautakuwa mabomba mawili.

Safari yenyewe ya barabarani ilikwenda vizuri. Dereva wa semi-treila alikuwa mtu makini, alisimama Morogoro kukaza mikanda bila kuambiwa, akalala Gairo badala ya kusafiri usiku, na kufika Hombolo mzigo ukiwa kama alivyoupokea. Bei ya usafiri ilikuwa ya kawaida. Kilichotuumiza ni zile siku nne.

Nampa wakala huyu nyota tatu kati ya tano. Kwa mwenye pampu, paneli za sola au betri zinazoingia kwenye maboksi, ningesema amtumie bila wasiwasi. Mwenye mnara, nguzo au mabomba marefu amtumie kwa sharti kwamba aina ya lori, urefu wa bodi na vifaa vya kunyanyulia viandikwe kwenye mkataba kabla meli haijafika. Tulimwandikia barua tukimwomba abebe nusu ya dimareji, akakubali kulipa siku mbili, na fedha hizo ziliingia kwenye akaunti ya kikundi wiki iliyopita. Gharama ya fundi aliyenyoosha sahani bado tunajadiliana.