TAHADHARI: Kuna muuzaji wa makro za Excel zilizofungwa nenosiri, zinakata data kimyakimya

Wakuu, kama kuna mtu anakutongoza na "makro za kitaalamu" (programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya Excel zenyewe) za kuunganisha lahajedwali, usilipe kabla hujasoma hapa. Mimi nimeshaingizwa mkenge.

Nilikuwa na faili 12, kila mwezi na lake, nataka ziwe jedwali moja. Muuzaji akanitumia video: anabonyeza kitufe, sekunde chache, kila kitu kimepangika. Nikalipa hela zote. Likaja faili la .xlsm, yaani faili la Excel lenye makro, na ukibonyeza Alt+F11 ili uone msimbo, linadai nenosiri. Nilipomwomba akasema hiyo ni siri ya kazi yake. Pale pale nilipaswa kudai hela yangu.

Makro ikakimbia, ikatoa ujumbe "Kazi imekamilika". Nikatuma ripoti. Siku mbili baadaye mhasibu ananiuliza mauzo ya Novemba na Desemba yako wapi. Kushuka chini ya jedwali, Oktoba imekatika katikati na mstari wa mwisho ni wa 32,767. Data yangu ina mistari zaidi ya 41,000, na laha moja ya Excel inabeba 1,048,576, kwa hiyo nafasi ilikuwepo tele. Ila 32,767 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye kigeu (nafasi ya kuhifadhi thamani) cha aina ya Integer katika VBA, lugha ya kuandikia makro za Excel. Nikaijaribu: mistari 32,000 imepita yote. Mistari 33,000, imeishia 32,767, na ujumbe ni uleule wa kukamilika. Kosa linamezwa, halafu unapongezwa! Bora ingekwama waziwazi nikajua.

Kuna jingine la hatari zaidi. Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka intaneti, na huyu bwana alinielekeza niondoe zuio hilo kwenye sifa za faili, kisha niruhusu makro zote kwenye mipangilio. Msiruhusu zote kamwe. Makro inaweza kufuta mafaili yako au kutuma barua pepe kwa jina lako. Kirusi cha kompyuta cha Melissa cha 1999 kilienea hivyohivyo, kwa makro ndani ya hati ya Word. Ukishafungiwa msimbo, hujui umekaribisha nini.

Nilipomtumia picha ya ule mstari wa mwisho akaniambia ninunue "toleo kubwa". Nikakataa, akanizuia. Anabadilisha majina, lakini video ni ileile na anadai malipo yote mwanzoni.

Kama tayari unayo makro yake, hesabu mistari ya mafaili ya chanzo ulinganishe na ya jedwali lililotoka, leo hii, kabla ripoti haijaondoka. Na ifanyie kazi kwenye nakala, maana makro ikishapita Ctrl+Z hairudishi kitu. Mimi nimeandika yangu upya, kigeu nimekiweka Long, aina inayobeba namba kubwa zaidi ya Integer, na mwishoni inaonyesha hesabu zote mbili. Anayeitaka aseme, nitampa msimbo ukiwa wazi.