Uzoefu wangu na lnav, programu ya kusomea logi: nilivyoitafuta saa mbili usiku mahali pasipo pake

Nina wateja wanne ninaowaangalizia sava hapa Dar es Salaam, na anayenipigia simu kuliko wote ni mama mmoja wa vitenge pale Kariakoo, mtaa wa Congo. Anauza jumla kwa watu wa mikoani: mteja wa Mwanza au Mbeya anachagua mzigo mtandaoni, analipa kwa simu, kesho yake mzigo unapanda basi. Mfumo niliuandika mimi kwa PHP, umekaa nyuma ya Nginx (programu inayopokea maombi ya wavuti na kuyapeleka kwa PHP) kwenye sava ya kukodi huko Ulaya yenye RAM ya GB 2.

Simu ya safari hii ilikuwa fupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona hela za watu hazionekani? Ikifika saa mbili usiku tu, mtu analipa, meseji anayo, mimi kwangu nasoma 'inasubiri'."

Saa mbili usiku, kila siku. Mteja akikutajia hadi saa, nusu ya kazi amekufanyia. Nikaingia kwenye sava kwa SSH, njia ya kuiongoza kwa mbali, nikapiga grep (amri ya kutafuta maneno) kwenye access.log, logi ambamo Nginx huandika kila ombi linaloingia, nikitafuta mistari ya saa 20. Safi. Ya jana yake, safi. Nikaenda kwenye yale mafaili yaliyobanwa ya gz kwa zgrep, siku tano nyuma, safi. Watu wawili watatu, na roboti zinazotafuta wp-login.php, ukurasa wa kuingilia WordPress (mfumo wenyewe si WordPress, lakini roboti hazina habari hiyo). Hakuna kosa la maana. Basi nikaamua kama tunavyoamuaga mafundi wote: tatizo liko kwa wenzetu. Nikaiandikia kampuni inayotupitishia malipo barua pepe ambayo leo nikiisoma natafuta pa kuficha uso.

Wenye kujua mmeshaona nilipokosea. Sava ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa; sisi tuko saa tatu mbele, saa za Afrika Mashariki (EAT). Saa mbili usiku ya mama ni 20:00 ya Dar, na kwenye logi ni 17:00. Mimi siku mbili nzima nilikuwa nachambua 20:00 ya UTC, yaani saa tano usiku, Kariakoo imeshafungwa na wateja wamelala. Kwa Mswahili hesabu hii ni ya hatua mbili: kwanza unatoka saa za jua kwenda saa za kizungu, kisha unatoka Dar kwenda UTC. Hapo katikati ni rahisi sana kusahau hatua moja ukajiona umemaliza. Tena ikiwa tatizo ni la saa nane za usiku, basi hata tarehe inakataa, maana kwenye sava bado ni 23:00 ya jana.

Jamaa mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi Mwenge aliposikia hadithi hii alicheka kwanza, ndipo akaniambia, "Acha kupiga ramli na grep. Weka lnav."

lnav ni programu ya kusomea mafaili ya logi ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na kwenye Ubuntu inaingia kwa sudo apt install lnav. Haihitaji sava yake, haihitaji ukurasa wa wavuti, haina akaunti ya kufungua. Unaielekeza tu kwenye mafaili:

lnav /var/log/nginx/*.log*

Hiyo nyota ya mwisho ina maana yake. Mafaili yaliyozungushwa na logrotate (programu inayofunga logi ya zamani na kuanza mpya), hata yale ya gz, inayafungua yenyewe. Halafu, na hili ndilo lililonifanya nikae nayo mpaka leo, inayachanganya yote kuwa mtiririko mmoja uliopangwa kwa muda. Nginx huandika tarehe kwa namna moja kwenye access.log na kwa namna nyingine kwenye error.log, logi yake ya makosa. lnav inazitambua zote mbili, na mistari inakaa panapostahili: ombi limeingia, chini yake kosa lake, chini yake ombi jingine. Zamani nilikuwa nafungua madirisha mawili na kuyalinganisha kwa macho, kidole kimegusa skrini.

Nikabonyeza i. Inakuja histogramu: kila kipande cha muda na idadi ya mistari yake, makosa kwa nyekundu, maonyo kwa njano. Sikuwa nimeiuliza saa yoyote. Lakini pale kwenye 17, siku baada ya siku, palikuwa na kinundu chekundu. Nilikiangalia kwa muda, kisha nikahesabu kwa vidole: kumi na saba, jumlisha tatu, ishirini, toa kumi na nane, zinabaki mbili: saa mbili usiku. Grep ilikuwa inataka niiambie saa, nami nilikuwa naiambia uongo.

Kutoka hapo kazi ilikwenda haraka. Herufi e inakurusha kwenye kosa linalofuata, E inakurudisha la nyuma, w na W hivyo hivyo kwa maonyo. Wale wa wp-login niliwaondoa kwa :filter-out wp-login, skrini ikapumua. Kwenye error.log kulikuwa na msururu wa "upstream timed out", na kwenye access.log maombi ya taarifa za malipo yamejibiwa 504, yaani muda wa kusubiri umeisha. Maana yake kampuni ya malipo ilikuwa inabisha hodi vizuri tu, Nginx inapokea, PHP haifungui mlango, na baada ya sekunde 60 Nginx inakata tamaa. Barua pepe yangu ikaanza kuniwasha.

Katikati ya hizo 504 kulikuwa na namba nyingine, 499. Hiyo ni ya Nginx peke yake: mteja amekata mwenyewe kabla ya kupata jibu. Hapa nikajaribu kitu nilichodhani ni mbwembwe za watengenezaji. Ukibonyeza alama ya nukta mkato, lnav inakuruhusu kuuliza logi kwa SQL, kana kwamba faili ni hifadhidata:

;SELECT c_ip, cs_uri_stem, count(*) AS jumla FROM access_log WHERE sc_status = 499 GROUP BY c_ip, cs_uri_stem ORDER BY jumla DESC

Jibu halikuchukua hata sekunde. Anwani moja, ukurasa mmoja, zaidi ya mara thelathini: ripoti ya mauzo. Na anwani yenyewe ilikuwa ya intaneti ya dukani.

Nikampigia mama. "Mama, nani hukaa kwenye kompyuta saa mbili usiku?"

"Si mhasibu wangu, anafunga hesabu. Analalamika huyo! Anasema ripoti yako nzito, mpaka aibonyezebonyeze."

Aibonyezebonyeze. Kila alipobonyeza kupakia upya, kivinjari kilikata ombi la kwanza, ndiyo 499, lakini PHP haikujua kama mtu ameondoka, ikaendelea kusaga hesabu za mwaka mzima. Vibarua vya PHP-FPM, yaani nakala za PHP zinazopokea maombi, vilikuwa vitano tu, ile idadi inayokuja na usakinishaji ambayo sikuwahi kuigusa. Mhasibu akibonyeza mara tano, vibarua vyote vimeshikwa, na taarifa ya malipo inayokuja ya sita inasubiri nje mpaka inakufa. Nilipofungua logi ya PHP-FPM kuhakikisha, onyo lilikuwa pale limeandikwa wazi: "server reached pm.max_children setting (5), consider raising it". Limekuwa likiandikwa kila jioni kwenye faili ambalo sikuwa na mazoea ya kulifungua. Nikaongeza faharasa (index) kwenye safu ya tarehe ya hifadhidata, ripoti ikashuka hadi sekunde mbili, nikaongeza vibarua kidogo kadiri RAM inavyoruhusu, na kitufe cha ripoti sasa kinazimika ukishakibonyeza.

Sasa malalamiko, maana yapo.

La kwanza ni logi ya mfumo wangu mwenyewe. Nilikuwa naiandika kwa mtindo wangu, mistari kama KOSA|malipo|tarehe|maelezo, na lnav haikuitambua kabisa. Faili lisilotambulika haliingii kwenye ule mtiririko wa muda, linatupwa kwenye mwonekano mwingine wa maandishi matupu unaoufikia kwa herufi t. Mara ya kwanza nilidhani faili halijafunguka. Dawa yake ni kuandika faili la JSON la kuieleza mstari wako umekaaje: rejeksi (regex, ruwaza ya kutambua maandishi), mpangilio wa tarehe, na mfano wa mstari halisi. Ilinichukua jioni nzima, nusu yake nikipigana na mikwaju ya nyuma (\) ambayo kwenye JSON lazima uandike miwili miwili. Ila kuna jambo lililonifurahisha: unaweza kuieleza kuwa KOSA ndiyo kosa na ONYO ndiyo onyo. Sasa logi yangu ya Kiswahili inawaka nyekundu na njano kama za wenyewe, na e inaruka juu yake bila shida.

La pili ni muda tena. Logi yangu hiyo ilikuwa ikiandika saa za Dar bila kutaja ukanda, kwa hiyo ilipoingia kwenye mtiririko ilikaa saa tatu mbele ya Nginx: malipo yanashindwa saa tatu baada ya ombi lake. Kuna amri ya :adjust-log-time ya kusogeza faili zima, na niliitumia, lakini ni ya kukumbuka kwa kila faili jipya. Nikaona bora nirekebishe chanzo. Sasa kila mstari unaandikwa na +03:00 mwishoni. Ukichukua ushauri mmoja tu kwangu, chukua huo, hata kama lnav hutaigusa.

La tatu, RAM. Ikifungua faili inalipitia lote kwanza kujitengenezea faharasa. Kwa logi za duka la vitenge ni kufumba na kufumbua. Lakini kuna mteja mwingine ana access.log ya zaidi ya GB moja kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasha logrotate, na pale kwenye sava ndogo niliona kila kitu kinapunguza mwendo. Siku hizi nakata kwanza kipande ninachotaka, ndipo nakifungua.

Unaweza pia kuitumia ukiwa kwenye laptopu yako, ikafuata faili lililoko sava kupitia SSH. Inafanya kazi, ila inavuta mistari kuja kwako na bando ndilo linalolipa. Mimi naisoma kule kule kwenye sava, ndani ya tmux, ili intaneti ya Tabata ikikatika nirudi nikute nilipoishia. Kuna sababu nyingine pia: kwenye zile logi kulikuwa na namba za simu za wateja, nzima nzima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sitaki namba za watu zikae kwenye laptopu ninayopanda nayo daladala. Baada ya kuziona zimejipanga vile kwenye skrini, nilibadilisha mfumo uandike tarakimu tatu za mwisho tu. Na kama unaisoma /var/log, jiweke kwenye kundi la adm, lenye ruhusa ya kusoma logi, badala ya kuingia kama root, mwenye mamlaka yote, kila mara. Logi za Nginx utazisoma, ile ya PHP-FPM ndiyo bado itataka sudo.

Usiitarajie ikuamshe usiku. Haitumi meseji, haikai macho, inasoma tu ukiifungua. Wenye sava ishirini watataka mfumo wa kukusanya logi kama Loki au Elasticsearch, na wana RAM ya kuvilisha. Kwangu, kuweka Elasticsearch kwenye sava ya GB 2 ni kununua lori la kubebea mkate.

Kampuni ya malipo niliiandikia tena, nikaomba radhi, nikawabandikia na mistari minne ya logi, niliyoitia alama kwa m na kuinakili kwa c, ili waone kosa lilikuwa upande wangu. Walijibu siku hiyo hiyo: "Sawa. Tafadhali thibitisha saa zenu ziko kwenye UTC au EAT."