Tovuti ya hati za ardhi ya BLM: inafaa kwa mwanzo wa kaunti, si zaidi

Anayechimba historia ya kaunti ya mashambani Marekani, tuseme Custer ya Nebraska iliyoundwa 1877, aanzie General Land Office Records, tovuti ya bure ya Bureau of Land Management (BLM), idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma. Ina picha za hati ambazo serikali kuu ilimpa mmiliki wa kwanza wa kila kipande.

Usianze na jina. Makarani wa zamani waliandika majina kwa kusikia, na herufi moja tu ikipinda hupati kitu. Chagua jimbo na kaunti, kisha jaza tauniship na safu: T17N R20W ya meridiani ya sita (tauniship ya 17 kaskazini mwa mstari wa msingi wa upimaji, safu ya 20 magharibi mwa meridiani hiyo) ni maeneo ya Broken Bow, makao makuu ya Custer. Tauniship ni mraba wa maili 6 kwa 6 wenye seksheni 36, kila moja ekari 640. Namba 1 iko pembe ya kaskazini-mashariki; hesabu huelekea magharibi hadi 6, kisha 7 hukaa chini ya 6 na mstari hurudi mashariki. Hapo ndipo wengi hukosea na kuliweka shamba la mtu mahali pasipo pake. Seksheni 16 na 36 zikitoka tupu, tovuti haijaharibika: Nebraska zilitengewa shule.

Tarehe nazo zina mtego. Sheria ya 1862 ya kuwagawia walowezi ardhi ya serikali (Homestead Act) ilimtaka mlowezi akae miaka mitano ndipo apewe ekari zake 160, kwa hiyo hati ya 1889 kwa kawaida ni ya mtu aliyefika 1884 au kabla. Aliyetaka kufupisha muda alilipa, mara nyingi dola 1.25 kwa ekari, na tovuti humworodhesha kama mnunuzi wa fedha taslimu. Orodha yenye “wanunuzi” wengi isikufanye uandike kwamba kaunti ilijaa walanguzi.

Upungufu mkubwa: walioshindwa na ukame au madeni wakaondoka kabla ya kupata hati hawamo kabisa. Majalada yao yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Mauzo ya baadaye pia hayamo. Hayo yako kwa msajili wa hati wa kaunti, kazi ambayo katika kaunti ndogo za Nebraska hufanywa na karani wa kaunti. Mpelekee seksheni, tauniship na safu, si jina la ukoo peke yake.