Seti 3 za matairi kwenye pikapu moja: A/T, H/T, kisha A/T nyingine

Seti ya kwanza ya A/T (matairi ya njia mchanganyiko, lami na porini; H/T ni yale ya lami hasa) niliinunua kwa sababu ya sura. Nalisema mapema ili mtu asidhani nilipiga hesabu yoyote. Matairi ya zamani yalikuwa yamebaki vipara, na dukani palikuwa na seti imeegemezwa ukutani, kashata nene (vile vipande vya raba vinavyokanyaga barabara), ubavuni herufi nyeupe. Fundi aliniona ninavyoyatazama. "Bosi, haya ukiyafunga huulizi njia," akasema. Kweli, sikuuliza njia, wala sikuuliza kitu kingine chochote.

Kazi yangu ni kufunga umeme wa jua. Nyuma ya pikapu huwa kuna ngazi, nyaya, betri na paneli chache; mbele tunakaa mimi na kijana ninayefanya naye kazi. Kuna siku tunafika lami inapoishia na kuendelea kilomita 30 nyingine kwenye changarawe, na kuna wiki nzima hatutoki mjini. Kichwani mwangu nilikuwa mtu wa porini. Daftari la safari, nilipokuja kulijumlisha baadaye, lilinikana: katika kila kilomita 10, karibu 8 zilikuwa za lami.

Ubavuni seti ile ilikuwa imeandikwa LT265/70R17 121/118S. Kuisoma nilijifunza nikiwa nimeshalipa. 265 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani kama milimita 185, na 17 ni ringi kwa inchi. 121 ni alama ya uzito ambao tairi moja linabeba likishiba upepo wake wote: kilo 1,450. 118 ni ya gari lenye matairi mawili mawili kila upande wa nyuma, hainihusu. S ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 180 kwa saa, ambao pikapu yangu haiufikii hata ikiteremka mlima.

Zile herufi 2 za mwanzo, LT, nilizipita kama hazipo, na ndizo zilizoniponza. Tairi la LT limeundwa kwa ajili ya kubeba: nyuzi nene, ubavu mgumu, upepo mwingi. Langu lilikuwa la daraja E, lile ambalo watu wa matairi huliita plai 10. Ukilipasua hutakuta tabaka 10 ndani. Ni jina la nguvu tu, limebaki tangu enzi ambazo matairi yalifumwa kwa nyuzi za pamba na tabaka zikahesabiwa kweli.

Kibandiko cha mlangoni kilisema PSI 32, yaani kipimo cha upepo, nikajaza 32. Kumbe kibandiko kile kinazungumzia matairi ya kawaida yaliyokuja na gari. Tairi la LT likijazwa upepo uleule hubeba uzito mdogo kuliko la kawaida, jambo ambalo lilinishangaza, maana nilidhani ugumu ni ugumu. Baada ya safari moja yenye mzigo niligusa ubavu wa tairi la nyuma nikaondoa mkono haraka. Lilikuwa linachemka. Fundi mwingine, mtu mzima mwenye maneno machache, alilipiga teke mara moja akasema, "Hili lina njaa." Tukapandisha hadi 42. Joto likapungua, na raha ikaondoka nalo. Pikapu isiyo na mzigo ikawa inarukaruka kwenye kila kiraka cha lami, na kijana wangu akaacha kusinzia safarini, ambayo labda ndiyo faida pekee.

Halafu ile sauti. Wakati matairi ni mapya, muungurumo ulikuwa wa chini, ukianza kama kwenye kilomita 60 kwa saa. Kila kashata inapogonga lami inapiga kidogo, na ndiyo maana watengenezaji huzichonga kwa ukubwa tofautitofauti, ili sauti zisijipange zikawa mlio mmoja. Ujanja huo unafanya kazi mpaka kashata zianze kulika upande mmoja. Mimi nilichelewa kuyazungusha matairi ya mbele kwenda nyuma. Nilingoja kilomita 15,000 badala ya zile 8,000 hadi 10,000 zinazoshauriwa, na kashata za mbele zikawa kama meno ya msumeno. Kuanzia hapo nilikuwa naongea na simu kama mtu aliyekaa ndani ya mashine ya kusaga. Nikayazungusha, sauti haikurudi kama ilivyokuwa.

Mafuta: kabla ya seti hii nilikuwa napata kilomita 10 na ushei kwa lita, baada yake 9 na kidogo. Sitajifanya nilipima kitaalamu, lakini nilijaza kwenye pampu ileile miezi mingi na tofauti haikuondoka. Nilipokuja kuyapima kwenye mizani, kila tairi la LT lilizidi lile la H/T kwa kama kilo 5. Uzito huo ndio unaouzungusha na kuusimamisha siku nzima.

Kitu kilichonibadilisha hasa kilikuwa mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, lami ina vumbi na mafuta, pikapu tupu, taa zikageuka nyekundu mbele yangu. Nilikanyaga breki kama kawaida na gari likaendelea kwenda, likinguruma na kutetemeka, hadi tukasimama nusu ya gari ikiwa imeshavuka mstari. Hakuna aliyeumia. Lakini nilikaa pale nikifikiria zile kashata nilizozipenda. Mapengo yake makubwa ni raha kwenye changarawe, ila kila pengo ni mahali ambapo raba haigusi barabara. Kashata ndefu nayo inajipinda kidogo unapokanyaga breki. Na raba yenyewe, kwenye seti yangu, ilikuwa ngumu, imetengenezwa isimeguke kwenye mawe.

Nisiyaonee. Kwenye mawe yalikuwa mazuri ajabu. Mwaka na miezi 2, sikupata pancha hata moja, na nilipita pahala ambapo sasa nikipaona naona aibu.

Seti ya pili ikawa H/T. Hapa nilikwenda upande wa pili kabisa kama mtu aliyeachika. 265/70R17 115T bila LT, alama ya 115 ikiwa na maana ya kilo 1,215 kwa tairi moja, zaidi ya kutosha kwa mizigo yangu. Kashata zimeshikana, mifereji mirefu ya kuzungukia tairi ili kutoa maji, na michirizi mingi myembamba kama imekatwa kwa wembe. Kina cha meno kilikuwa milimita 9. Yale ya kwanza yalianza na 12.

Siku ya kwanza nilizima redio ili nisikie ukimya. Usukani ukawa mwepesi, mafuta yakarudi, breki kwenye maji ikawa ya gari la watu. Kama pikapu yako inaishi mjini, inakwenda kazini, inabeba samani mara moja kwa mwezi, acha kusoma hapa, nunua H/T nzuri na uendelee na maisha yako. Nasema hivyo bila kusita. Wengi tunaonunua A/T tunanunua picha ya safari ambayo hatujaifanya.

Shida yangu ni zile kilomita 2 katika kila 10.

Changarawe kavu haikuwa tatizo, ukipunguza mwendo. Mchanga nao, kinyume na nilivyoogopa, ulinipitisha vizuri kuliko zamani, kwa sababu safari hii nilijua la kufanya: kushusha upepo hadi 18, tairi likabonyea na kulala chini kwa urefu, tukaelea. Na yale ya A/T nilishawahi kukwama nayo mchanga uleule nikiwa na PSI 42, nikichimba kaburi kwa kila mkanyago. Kwenye mchanga, upepo una kauli kuliko kashata. Ila uwe na pampu ndani ya gari, maana kurudi kwenye lami na PSI 18 kwa mwendo wa kawaida ni kulipika tairi.

Udongo wa mfinyanzi ndio uliotuadhibu. Mifereji ya H/T ilijaa baada ya mita chache na tairi likawa limevaa soksi ya tope. Fowili iliingia, magurudumu yote 4 yakazunguka, na gari likasogea ubavu kuelekea mtaroni kwa utulivu wa kutisha. Kwa haki, A/T nayo kwenye tope zito hujaa, inachelewa tu. Kazi hiyo ina matairi yake, yale ya M/T yenye mapengo makubwa ya kujitapisha tope, na mimi siwezi kuishi nayo kwenye lami hata kwa wiki.

Kilichonitoa kwenye H/T hata hivyo si tope. Ni jiwe, tena dogo, lenye ukingo, lililokaa kwenye alama ya gurudumu. Lilichana ubavu kama bahasha. Msumari kwenye kashata ni pancha ya nusu saa. Ubavu ukichanika hakuna kiraka cha kuaminika, tairi limekwenda. Tukafunga la akiba, tukafika tulikokwenda, na miezi 4 baadaye likachanika lingine njia ileile. "Kaka," kijana wangu akaniambia akiwa amelala chini na jeki, "yale ya mwanzo hatukuwahi kulala hapa."

Kwa seti ya tatu nilikaa chini kwanza. Nililotambua ni kwamba mambo mengi niliyoyachukia kwenye A/T yalitokana na LT na daraja E, yaani ujenzi wa kubeba tani ambazo sizibebi. Kashata na ujenzi ni maswali 2 tofauti, na dukani hukujia yakiwa yamefungwa pamoja. Kumbe kuna A/T zenye ujenzi wa kawaida, 115T, saizi ileile. Nikatafuta hizo. Kashata za wastani, katikati zimekaribiana, mabegani zimeachana, michirizi myembamba kila mahali, na vimbavu vidogo chini ya mapengo vya kusukuma mawe yasikwame.

Muuzaji wa kwanza alikuwa nazo, tukakaribia kukubaliana, nikainama kusoma tarakimu 4 za mwisho za ule mlolongo wa ubavuni unaoanza na DOT, ambazo ni tarehe ya kutengenezwa. 1419. Wiki ya 14 ya mwaka 2019. Raba inazeeka hata ikiwa stoo, na yalikuwa yameshapita miaka 5. Akasema hayajawahi kugusa barabara. Nikamwambia hata mimi siku nyingine sigusi barabara na bado nazeeka. Nikanunua kwingine.

Kingine nilichofanya safari hii ni kununua 5, la akiba likiwemo, na la tano naliingiza kwenye mzunguko. Ukiwa na fowili, kuchanganya tairi jipya refu na la zamani lililolika kunailazimisha difu kufanya kazi isiyo yake.

Sasa zimetimia kilomita 30,000. Upepo ni ule wa kibandiko, 32, na nyuma napandisha tukiwa na betri nyingi. Sauti ipo, kama feni ya chumba cha pili. Mafuta yako katikati ya seti zile mbili, karibu zaidi na H/T. Breki kwenye maji si ya H/T. Naacha nafasi zaidi mbele na nimezoea. Meno yalianza milimita 10, sasa yamebaki 6 na nusu mbele na nyuma, maana nayazungusha kwa wakati. Alama ya mwisho iliyo ndani ya mifereji iko milimita 1.6, lakini mimi nitayatoa yakifika 3, nikikumbuka zile taa nyekundu. Ubavu una mikwaruzo mingi na haujachanika hata mmoja, ingawa ni ubavu mwepesi kuliko ule wa LT na napita kwenye mawe kwa adabu.

Kama ungekuwa na mzigo mzito kila siku, hesabu yangu isingekufaa. Yale ya LT niliyoyatoa yakiwa na nusu ya maisha yake nilimuuzia jamaa anayesomba mawe kutoka machimboni, pikapu imekaa chini muda wote. Anajaza 60 nyuma. Juzi tumekutana kwenye pampu ya upepo, ananishukuru mpaka leo, na anashangaa kwa nini niliyaachia matairi matulivu namna ile.