Boksi la kuchapia kwa lino: ncha na lino safi, wino uachwe

Boksi hili la wanaoanza huuzwa kwa majina mengi, lakini yaliyomo mara nyingi ni haya: kipande cha lino ya kijivu (shiti laini la kuchonga, kupaka wino na kuchapia karatasi) cha sentimita 15 kwa 20, mpini wenye ncha tano za kubadilisha, rola ya mpira na tyubu ya wino mweusi wa maji. Hapa linapimwa kwa kazi moja tu, mabango ya haki za binadamu yatakayobandikwa vichochoroni Mji Mkongwe.

Lino ni nzuri kweli. Ikiwa ngumu, ianike juani dakika tano, ncha itapita bila kukwaruza. Ibara ya 1 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa," inaenea kwa herufi kubwa katika mistari mitano. Andika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, igeuze, isugue juu ya lino. Maneno yatakaa kinyume, na ndivyo yanavyotakiwa.

Tabu iko kwenye A. Sentensi hiyo inazo kumi, na kila moja ina kijicho cha pembetatu, yaani tundu la ndani ya herufi. Toa kijicho kwanza kwa ncha nyembamba ya V, ndipo uchonge nje. Ukianza nje, miguu ya herufi hukosa cha kuegemea na hukatika, na lino iliyokatika haiungiki. Lino inaweza kubeba maneno mengi: John Muafangejo wa Namibia alijaza maandishi ndani ya picha zake za lino, akizichonga wakati wa ubaguzi wa rangi. Anayetaka picha na maneno pamoja afuate mpango wa kanga: pindo pembeni, mji katikati, jina chini yake.

Wino ndio unaoliangusha boksi. Chini ya feni hukauka juu ya lino kabla karatasi haijalazwa, kisha karatasi hunata na kuchanika, au weusi hutoka madoadoa. Na bango likipigwa na manyunyu tu, haki yote inachuruzika ukutani. Kwa kazi ya namna hii hilo halivumiliki. Nunua wino wa mafuta unaosafishika kwa maji na sabuni. Utandaze kwenye kioo mpaka rola itoe mlio kama kitunguu kinachokaangwa. Ukisikia mlio wa majimaji, umezidisha, na vijicho vya A vitaziba. Pitisha rola juu ya lino, lalisha karatasi, sugua mgongo wake kwa kijiko cha mbao kutoka katikati kwenda pembeni. Wakati wa masika wino huu huchukua siku kadhaa kukauka, kwa hiyo tundika kwa vibanio, usipange karatasi moja juu ya nyingine.

Rola inatosha kwa kipande hiki. Kwa lino kubwa zaidi huacha michirizi, hivyo tafuta pana.